Nimeletewa vidonge vya flavonoidi: je, niache dawa ya kolesteroli?

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 56, na ninakuandikia kwa sababu katika familia yetu pamezuka ubishi ambao sina elimu ya kuuamua. Mwaka jana nilipima damu nikaambiwa kwamba kolesteroli yangu mbaya, ile inayoandikwa LDL katika karatasi ya maabara, imefika milimoli 4.6 kwa lita. Daktari aliniuliza habari za familia, nami nikamweleza kwamba kaka yangu wa baba mmoja na mama mmoja alipata shambulio la moyo akiwa na miaka 49. Aliposikia hivyo hakutaka kungoja. Aliniandikia simvastatini, dawa ya kundi la statini, ya miligramu 40, kidonge kimoja kila usiku. Kipimo kilichofuata kilionyesha kwamba LDL imeshuka hadi 2.9, akaniambia niendelee vivyo hivyo.

Mdogo wangu wa kike, ambaye ananipenda na ambaye husoma sana habari za tiba za mimea, hakuridhika. Aliniletea makopo mawili ya vidonge: moja ni dondoo la flavonoidi za matunda ya jamii ya machungwa, na la pili ni dondoo kali la chai ya kijani. Anasema kwamba flavonoidi ndizo zinazoipa mimea rangi na uchungu wake, kwamba wanasayansi wenyewe wamethibitisha kuwa zinalizuia ini kutengeneza kolesteroli sawasawa na statini, na kwamba tofauti ni moja tu, nayo ni kuwa hazina madhara. Makopo hayo sijayafungua. Lakini alinihimiza pia ninywe glasi kubwa ya maji ya balungi kila asubuhi, akisema uchungu wa tunda hilo ndio flavonoidi yenyewe, na hilo nimelifuata kwa miezi kadhaa sasa, maana nilidhani tunda haliwezi kumdhuru mtu.

Wiki za karibuni mapaja na vigimbi vimekuwa vikiniuma kama vya mtu aliyeshuka mlima mrefu jana yake. Mdogo wangu ameona hapo ushahidi wa alichokuwa akikisema siku zote: kwamba statini inakula misuli yangu, na kwamba wakati umefika wa kuiacha nihamie kwenye makopo yake. Naomba unisaidie. Je, ni kweli kwamba flavonoidi hushusha kolesteroli? Je, zinaweza kushika nafasi ya dawa yangu? Kama haziwezi, naweza kuzitumia pamoja nayo? Na nimjibu nini mdogo wangu, ambaye ametoa fedha zake kwa nia njema?

Dada Mkubwa

*

Dada Mkubwa,

Maswali yako nitayajibu yote, lakini niruhusu nianze na jambo ambalo hukuliuliza, kwa kuwa ndilo pekee katika barua yako lisilopaswa kungoja. Acha maji ya balungi leo, na kabla ya kesho kwisha uzungumze na daktari wako au mfamasia, umweleze mambo matatu kwa pamoja: kwamba unameza simvastatini ya miligramu 40, kwamba umekuwa ukinywa balungi kila siku, na kwamba misuli inauma. Usiiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe kabla ya mazungumzo hayo, isipokuwa maumivu yakigeuka kuwa makali, miguu ikilegea, ukipata homa, au mkojo ukiwa na rangi ya kahawia iliyokolea. Mojawapo ya dalili hizo ikitokea, huenda misuli inavunjika na kumwaga mabaki yake katika damu, na mabaki hayo yanaweza kuharibu figo. Hapo usimeze kidonge kingine, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Simvastatini ni dawa ambayo mwili huivunja kwa bidii kabla haijaingia katika mzunguko wa damu. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho CYP3A4, ambacho kimo katika ini na pia katika ukuta wa utumbo mwembamba, na wanaopanga dozi ya dawa huwa wameshahesabu kwamba sehemu kubwa itapotelea humo. Balungi lina kemikali za kundi la furanokumarini, ambazo hukiharibu kimeng'enya cha utumbo kabisa, si kukizuia kwa muda tu, hata ikabidi mwili utengeneze kingine kipya, jambo linalochukua siku moja hadi tatu. Ndiyo maana haikusaidii kitu kunywa balungi asubuhi na kumeza kidonge usiku. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 2004, watu walikunywa glasi moja ya mililita 200 kwa siku, siku tatu mfululizo, na kiasi cha simvastatini kilichoingia katika damu yao kiliongezeka zaidi ya mara tatu. Wewe umefanya hivyo kwa miezi. Madhara ya misuli yanayotokana na statini hutegemea sana kiasi kilichomo katika damu, na kwa simvastatini jambo hili limechunguzwa hadi mwaka 2011 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikaagiza kwamba mgonjwa mpya asianzishiwe dozi ya miligramu 80. Kidonge chako ni cha 40, lakini kwa kutumia balungi huenda mwili wako umekuwa ukipata zaidi ya huo mpaka.

Siwezi kusema kwa hakika, nikiwa mbali, kwamba hicho ndicho chanzo cha maumivu yako. Daktari ataweza kupima kimeng'enya cha misuli kiitwacho kreatini kinesi, pamoja na homoni za tezi ya shingo, kwa sababu tezi ikizembea huleta maumivu ya misuli na kupandisha LDL kwa wakati mmoja. Iko pia habari nyingine ambayo ni haki yako kuijua. Mwaka 2020 watafiti wa Imperial College London walitoa matokeo ya jaribio la watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara. Walipewa kwa zamu miezi ya statini, miezi ya vidonge bandia visivyo na dawa, na miezi isiyo na kidonge chochote, na ikaonekana kwamba takriban asilimia 90 ya usumbufu waliousikia wakati wa statini waliusikia pia wakati wa vidonge bandia. Maumivu yao yalikuwa ya kweli, lakini mara nyingi dawa haikuwa mkosaji. Kwako wewe, mwenye mtuhumiwa mwingine anayeonekana wazi kila asubuhi mezani, ingekuwa haraka mno kuihukumu statini.

Nimelikuza jambo la balungi kwa sababu ndani yake mna jibu la nusu ya dai la mdogo wako. Mwingiliano huu uligunduliwa kwa bahati mwaka 1989 na David Bailey na wenzake nchini Kanada, walipokuwa wakichunguza jinsi pombe inavyoathiri dawa ya shinikizo la damu iitwayo felodipini; maji ya balungi waliyatumia kuficha ladha ya pombe tu, na kumbe ndiyo yaliyopandisha dawa katika damu. Mshukiwa wa kwanza alikuwa naringini, ambayo ndiyo hasa flavonoidi iletayo uchungu anaousifia mdogo wako. Uchunguzi wa baadaye ukahamishia sehemu kubwa ya lawama kwa furanokumarini. Kwa hiyo flavonoidi ilipona mashtaka hayo, lakini anayekunywa tunda hawezi kuichagua moja akaiacha nyingine. Machungwa matamu ya kawaida hayana tatizo hili. Machungwa machungu yanalo. Na si statini zote zinazoguswa: pravastatini na rosuvastatini hazipitii njia hiyo, kwa hiyo kama unalipenda balungi kiasi cha kutotaka kuachana nalo, mwulize daktari kama inafaa kubadilishiwa dawa.

Sasa nije kwenye flavonoidi zenyewe. Ni jamii kubwa ya kemikali za mimea, zaidi ya 6,000 zilizokwisha kutambuliwa, zote zikiwa na kiunzi kimoja cha atomu 15 za kaboni. Humo mna kwesetini ya vitunguu na matufaha, katekini za chai na kakao, antosianini zinazotia rangi nyekundu, zambarau na bluu katika zabibu, matunda ya beri na ganda la bilinganya, isoflavoni za soya, na hesperidini na naringini za jamii ya machungwa. Mmea huzitengeneza kwa faida yake: kujikinga na miale mikali ya jua, kufukuza wadudu wanaoutafuna, kuvuta wale wanaobeba chavua. Mwaka 1936 mwanasayansi wa Hungaria Albert Szent-Györgyi, ambaye mwaka uliofuata alipata Tuzo ya Nobel, alipendekeza pamoja na wenzake kwamba ziitwe vitamini P. Jina hilo halikudumu, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuonyesha ugonjwa unaompata mtu kwa kuzikosa. Hilo likumbuke unapoona kopo linazizungumzia kana kwamba una upungufu wake.

Mdogo wako hakujitungia habari za ini. Katika seli za ini zinazokuzwa maabara, baadhi ya flavonoidi hupunguza nguvu ya HMG-CoA reduktesi, kimeng'enya kilekile kinacholengwa na statini. Naringenini, ambayo hutokana na naringini, hupunguza utoaji wa chembe za mafuta ambazo ini huzifungasha na kuziachia katika damu, na hili limeonekana kwa panya pia. Katekini za chai huingilia hatua ya mapema zaidi, ndani ya utumbo, ambako kolesteroli lazima ichanganywe na chumvi za nyongo ili iweze kufyonzwa. Zikiwepo katekini nyingi, sehemu ya kolesteroli hushindwa kuchanganyika na hutoka na choo. Nyingine huonekana kuongeza vipokezi vya LDL juu ya seli za ini, vile ambavyo Michael Brown na Joseph Goldstein walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kuvieleza, na ambavyo kazi yake ni kuiondoa LDL katika damu. Haya yote ni ya kweli. Neno lililoachwa ni kiasi.

Fuata kwesetini ya kitunguu kimoja uone linavyojitokeza. Katika kitunguu haikai peke yake bali imefungamana na sukari, na iko kwa wingi katika matabaka ya nje, yale ambayo wengi huyatupa pamoja na ganda. Ukikichemsha, sehemu yake huhamia kwenye maji, nayo hupotea maji yakimwagwa. Inapofika katika utumbo mwembamba, kimeng'enya cha hapo huikata ile sukari ili iweze kupita ukutani. Lakini mwili huichukulia kuwa mgeni. Mara tu inapopita, seli za utumbo na kisha za ini huibandika viambatisho vinavyoifanya iyeyuke kwa urahisi na kutolewa kwa mkojo na nyongo, na kinachozunguka katika damu si tena ile kwesetini iliyowekwa katika bomba la maabara bali mazao yake. Ile isiyofyonzwa hushuka hadi utumbo mpana, ambako bakteria huivunja kuwa asidi ndogondogo. Mwisho wa safari hiyo, kiwango kinachopatikana katika damu baada ya mlo kwa kawaida hakifiki hata maikromoli moja kwa lita, ilhali majaribio mengi ya seli hutumia viwango vya maikromoli kumi hadi mia. Mtu anayesema flavonoidi hufanya kazi ya statini katika ini anasema kweli kuhusu ini lililo ndani ya chupa. Bakteria nao hutofautiana kati ya mtu na mtu: isoflavoni ya soya iitwayo daidzeini hugeuzwa kuwa ekwoli, yenye nguvu zaidi, katika matumbo ya watu wengine tu, na wengine hawawezi kabisa hata wakila soya kila siku.

Ndiyo maana hatuna budi kuwauliza watu wenyewe, si seli, na hapo majibu yamechanganyika. Hamu ya sasa ilichochewa sana na utafiti wa mwaka 1993 uliofanywa katika mji wa Zutphen, Uholanzi, kwa wanaume 805 wenye umri wa miaka 65 hadi 84. Waliokuwa wakila flavonoidi nyingi zaidi walikufa kwa nadra zaidi kutokana na ugonjwa wa mishipa ya moyo katika miaka mitano iliyofuata, na flavonoidi zao zilitoka hasa katika chai, vitunguu na matufaha. Ni matokeo mazuri, lakini mtu anayekula matufaha na vitunguu kwa wingi mara nyingi hutofautiana na jirani yake kwa mambo mengine mengi, na takwimu haziwezi kuyatenganisha yote.

Kwa vidonge vya jamii ya machungwa, yaani kopo lako la kwanza, jaribio ninalolithamini zaidi ni la mwaka 2010. Watu wapatao 200 wenye kolesteroli iliyopanda kiasi walipewa hesperidini miligramu 800 kwa siku, au naringini miligramu 500, au vidonge bandia, kwa wiki nne. Kolesteroli haikubadilika. Antosianini zilifanya vizuri zaidi: katika jaribio la mwaka 2009 nchini China, watu 120 wenye kasoro ya mafuta ya damu waliotumia miligramu 320 kwa siku, au vidonge bandia, kwa wiki 12, walitofautiana kwa namna ya kutia moyo, LDL ikishuka kwa takriban asilimia 13 kwa waliopata antosianini na HDL, ile iitwayo kolesteroli nzuri, ikipanda kwa kiasi kama hicho. Ningependa kuliona tokeo hilo katika jaribio kubwa kuliko hilo kabla ya kumshauri mtu alitegemee. Kuhusu soya, Chama cha Moyo cha Marekani kilipitia majaribio mwaka 2006 kikaona kwamba protini nyingi ya soya hushusha LDL kwa asilimia chache tu, na kwamba isoflavoni zikitolewa peke yake hazionyeshi athari kwa kolesteroli. Kakao ilipata jaribio kubwa kuliko yote, la Wamarekani 21,442, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2022: miligramu 500 kwa siku za flavanoli zake, yaani lile kundi la flavonoidi lenye katekini, hazikupunguza kwa uhakika jumla ya matukio ya moyo na mishipa, ingawa vifo vya moyo na mishipa vilikuwa vichache kwa waliozitumia, jambo ambalo bado linajadiliwa.

Chai ya kijani ndiyo yenye ushahidi thabiti zaidi, na hapa naweza kumpa mdogo wako haki yake. Majaribio yake yakijumlishwa, LDL hushuka kweli, na hushuka kwa miligramu mbili hadi tano hivi kwa desilita, ambazo kwa kipimo cha karatasi yako ni sehemu kama ya 0.05 hadi 0.13 ya milimoli. Weka hesabu hiyo kando ya yako mwenyewe. Simvastatini imekushusha kutoka 4.6 hadi 2.9, yaani milimoli 1.7, ambayo ni zaidi ya mara kumi ya kile ambacho chai ingekupa. Uchambuzi wa majaribio makubwa ya statini umeonyesha kwamba kila milimoli moja ya LDL inayoondolewa hupunguza kwa takriban moja ya tano uwezekano wa shambulio la moyo, kiharusi na matukio mengine makubwa ya mishipa. Faida hiyo inatokana na LDL kushuka, kwa hiyo kinachoishusha kidogo hulinda kidogo, hata kikitoka katika mmea. Na kwa kuwa neno asili limetajwa: statini ya kwanza ilipatikana katika kuvu, katika kazi iliyofanywa na Akira Endo nchini Japani miaka ya 1970.

Basi, je, vitu hivi vinaweza kushika nafasi ya dawa yako? Haviwezi, na kwa mtu mwenye kaka aliyepata shambulio la moyo akiwa na miaka 49 ningelisema hilo hata kama ushahidi ungekuwa maradufu ya huu.

Kuhusu kuvitumia pamoja na dawa, jibu langu linatofautiana kwa kila kopo. Lile la chai ya kijani lirudishe. Chai ya kunywa, vikombe viwili vitatu kwa siku, haina shida kwa watu wengi, lakini dondoo lililokolezwa ni jambo lingine: mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilieleza kwamba vidonge vinavyotoa miligramu 800 au zaidi kwa siku za katekini iitwayo EGCG vimehusishwa na kupanda kwa vimeng'enya vya ini katika damu, dalili kwamba ini linaumia. Wewe tayari unatumia dawa ambayo daktari huiangalia kwa kupima ini. Matokeo yakija mabaya, hakuna atakayejua ni kipi kimeleta, na kuna uwezekano mkubwa kwamba utaondolewa kile chenye faida. Kabla hujalirudisha, geuza kopo usome nyuma, uone kama kiasi cha EGCG kimetajwa au pameandikwa jumla ya dondoo tu. Pakiandikwa jumla tu, hata mfamasia hawezi kukuambia unameza nini. Kopo la jamii ya machungwa sioni faida yake kwako, na kama limo ndani yake dondoo la balungi, linaturudisha palepale tulipoanzia.

Chakula chenyewe sikuondolei. Kula matufaha na ganda lake, vitunguu, matunda ya beri, zabibu, machungwa matamu, soya ukiipenda. Kunywa chai ya kijani au nyeusi bila sukari nyingi. Flavonoidi zilizomo zina faida nyingine nje ya kolesteroli, hasa kulainisha mishipa ya damu, ambako ushahidi wa kakao na chai ni bora kuliko wa mafuta ya damu. Lakini kama lengo ni kuisogeza LDL, sehemu kubwa ya kazi katika mlo hufanywa na vitu visivyo na sifa ya kuvutia kama flavonoidi. Nyuzinyuzi laini za oti na shayiri, gramu 3 kwa siku za ile iitwayo beta-glukani, huishusha kwa asilimia kama 5. Steroli za mimea, gramu 2 kwa siku, kwa asilimia 8 hadi 10. Na kubadilisha mafuta yanayoganda kwa mafuta ya maji ya mbegu na ya zeituni huongezea hapo. David Jenkins na wenzake wa Toronto walionyesha mwaka 2003 kwamba mlo uliochanganya nyuzinyuzi hizo, steroli za mimea, soya na lozi, ukiandaliwa na kutolewa kwa watu kwa mwezi mmoja, uliishusha LDL kwa asilimia 28.6, karibu sawa na lovastatini, statini waliyoilinganisha nayo. Watu walipoachwa wajipikie wenyewe kwa ushauri tu, katika jaribio la baadaye la miezi sita, mshuko ulikuwa asilimia 13 au 14, ambayo bado ni zawadi nzuri kwa mtu ambaye tayari anatumia statini. Lozi na shayiri hazitangazwi kwenye makopo, lakini fedha ya mdogo wako ingefanya kazi zaidi huko.

Na sasa huyo mdogo wako. Usimjibu kwa kumwonyesha kwamba amekosea, kwa sababu nusu ya alichosoma ni kweli. Mwambie kwamba umefuatilia jambo lake kwa uzito, kwamba chai na matunda utaendelea navyo, na kwamba balungi umeliacha kwa sababu linagombana na dawa yako. Kisha mwulize swali moja ambalo sikuona dalili katika barua yako kwamba mtu amemwuliza: yeye LDL yake ni ngapi?

Nalisema hili kwa makusudi. Shambulio la moyo kwa mwanamume kabla ya miaka 55, pamoja na dada mwenye LDL ya 4.6, humfanya daktari afikirie kolesteroli ya kurithi, hali inayompata takriban mtu mmoja kati ya 250, ambapo vipokezi vya LDL huwa na kasoro tangu kuzaliwa. Kiwango chako peke yake hakitoshi kuithibitisha, maana kwa watu wazima wenye hali hiyo mara nyingi hupita 4.9, lakini inatosha umwulize daktari utakapozungumza naye habari za misuli. Anayeirithi kutoka kwa mzazi mmoja ana nusu ya uwezekano wa kuipitisha kwa kila mtoto, na vivyo hivyo ndugu wa tumbo moja na mgonjwa huwa na nusu ya uwezekano wa kuwa nayo, wawe wembamba au wanene, wale matunda au wasile. Mdogo wako, watoto wako na watoto wa kaka yako wanastahili kipimo. Ni cha damu kidogo tu, na kwa kawaida hakihitaji mtu alale na njaa, isipokuwa trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, zikionekana kuwa juu, ambapo ataombwa arudi kabla hajala. Wewe mwenyewe rudia chako wiki nane hivi baada ya kuacha balungi au baada ya kubadilishiwa dawa, na usishangae LDL ikipanda kidogo kutoka 2.9, kwa kuwa huenda sehemu ya mshuko ule ilitokana na dozi iliyokuzwa. Daktari akilijua hilo mapema hatadhani kwamba umeacha kumeza vidonge.